Friji la Baba kwa Elfu Kumi na Tano

Siku niliyouza friji la marehemu baba kwa shilingi 15,000 nilijiona mjanja. Liliungua wakati wa mgao wa umeme wa mwaka 2011, siku umeme uliporudi kwa kishindo, na baba akasema atalitengeneza Jumapili. Jumapili za fundi huwa hazifiki nyumbani kwake. Likahamia uani kwetu Tabata Kimanga, likawa nyumba ya kuku, mlango ukalegea, mvua ikinyesha linatoa harufu ya mayai viza. Kijana wa guta aliposema, "Dada, hili nakupa kumi na tano," nilibana kicheko. Nilikuwa tayari kumlipa mimi aliondoe.

Kwa furaha hiyo nikamtolea na feni 3 zilizokufa, TV ya kichogo, pasi, na mota 2 zilizokuwa zimelala kwenye banda la baba zikishika kutu. Akauzunguka mzigo mara moja, akapiga hesabu kwa macho, akanipa 45,000 kwa vyote. Nikampa na maji ya kunywa, maana jua lilikuwa kali.

Mama alikuwa Mbagala kwa dada. Aliporudi hakuona pengo la friji. Aliona pengo la mota.

"Mota za baba yako ziko wapi?"

"Nimeuza, mama. Skrepa."

"Kwa kilo?"

"Hapana, kwa jumla."

Hakugomba. Angegomba ningepona haraka. Alikaa kwenye mkeka, akauliza kwa sauti ile ya mtu anayeulizia hali ya mgonjwa: "Kwani wewe hujui baba yako alikuwa anafanya kazi gani?"

Baba alikuwa msuka mota. Alikuwa na sehemu yake mtaa wa Gerezani, kule ambako mpaka leo ukipita masikio yanajaa nyundo na grainda. Mota ya pampu au ya mashine ya kusaga ikiungua inaletwa kwake. Anaifungua, anang'oa waya ulioungua, anahesabu mizunguko, anasuka waya mpya wa kopa kwa unene uleule na hesabu ileile, anaupaka vanishi, anaukausha. Ule waya mbovu hautupwi. Aliuweka kwenye ndoo tupu ya rangi, na ndoo ikijaa inapelekwa kupimwa. Mama aliita "hela ya ndoo". Sare yangu ya darasa la kwanza ilitoka kwenye ndoo, na viatu. Halafu mimi, mtoto wa ndoo, nikauza kopa kwa bei ya chuma.

(Vitabuni ni shaba. Mtaani ni kopa. Ukimwambia mnunuzi una "shaba" anajua papo hapo umetoka ofisini.)

Nimeandika haya kwa sababu Januari inakuja, na najua wengi mna friji la kuku uani. Mwenye guta hakuniibia. Aliniuliza, nikakubali, tukaachana kwa amani. Nilichomuuzia kwa bei ya kutupa ni ujuzi: yeye alijua ndani ya vile vitu kuna nini, mimi sikujua. Mzigo uliochanganyika huuzwa wote kwa bei ya kile kilicho rahisi kuliko vyote, na kilicho rahisi kuliko vyote huwa ni chuma. Tofauti inabaki kwa mwenye subira ya kufungua skrubu.

Mwaka uliofuata Januari ilinikuta kama inavyomkuta kila mtu mwenye watoto wawili shuleni. Banda la baba lilikuwa bado limejaa. Safari hii nilimfuata mama kwanza, nikamwambia, "Naomba tuuze wote." Akanijibu, "Leta sumaku."

Sumaku tuliipata kwenye spika mbovu ya redio. Sumaku ikinasa, ni chuma, weka kushoto. Isiponasa, ndipo kazi inapoanza: inaweza kuwa alminiamu, kopa, brasi, au baadhi ya stenlesi. Alminiamu utaijua kwa wepesi, maana ujazo uleule wa kopa una uzito wa zaidi ya mara tatu. Brasi ni njano, ipo kwenye koki za maji na vitasa vya zamani. Hayo ni rahisi. Kilichonishangaza ni feni.

Nilipofungua feni moja nikaona waya mwekundu uliosukwa vizuri, nikashangilia. Mama akanipa kisu. "Kwangua." Nikakwangua, chini ya wekundu ule pakang'aa weupe. Alminiamu iliyopakwa rangi. Feni nyingi za bei rahisi ndivyo zilivyo, na hata baadhi ya nyaya za umeme zinazouzwa siku hizi zina ngozi nyembamba tu ya kopa juu ya alminiamu. Mota za zamani za baba, ukikwangua wekundu unakutana na wekundu mwingine. Zile mbili nilizouza zilikuwa za zamani.

Kwa kuchinja (friji nalo linachinjwa, kama gari) nilimwita kijana wa jirani ambaye ni fundi friji. Tulikuwa na mafriji mengine mawili ya wateja ambao hawakurudi, na kiyoyozi kimoja cha dirishani. Nasisitiza umwite fundi, na si kwa sababu ya uvivu. Kompresa, lile kopo jeusi la nyuma ya friji, ina kibandiko kinachosema gesi yake: R12 ya zamani inayotoboa tabaka la ozoni, R134a, au R600a ya mafriji mapya, ambayo inashika moto. Kuna watu wanakata bomba kwa msumeno sigara iko mdomoni. Fundi alivuta gesi kwanza kwa mashine yake, kisha akafungua makopo yale meusi mazito. Ndani ya kila kompresa kulikuwa na mota ndogo inayoogelea kwenye oili, na kwenye mota hiyo takriban kilo moja ya kopa safi. Isipokuwa kompresa moja, ambayo waya wake ulikuwa wa alminiamu. Tukaitukana kidogo, tukaendelea.

Kiyoyozi ndicho kilikuwa harusi. Mabomba ya kopa yamepita ndani ya mapezi ya alminiamu, safu kwa safu.

Nyaya zilibaki. Tulipobadilisha waya wa nyumba, fundi umeme alituachia furushi zima, na kijana mmoja alipita akaniambia, "Anti, choma tu, dakika kumi kopa imebaki." Mama alikataa kabla sijajibu. Baba hakuwahi kuchoma. Ile plastiki ikiungua pamoja na kopa hutoa sumu iitwayo dioksini, na moshi ule unaujua kama umewahi kupita karibu na madampo jioni: unakaba koo na ladha yake haitoki. Hata kwa mwenye kutafuta hela tu, kopa iliyoungua inakuwa nyeusi na bei inashuka. Iliyomenywa kwa kisu inang'aa na inalipwa zaidi. Tulimenya jioni tatu, mimi, mama na watoto, kama watu wanaomenya njugu, taarifa ya habari inasoma.

Kuhusu TV za kichogo: tulikuwa nazo mbili zaidi. Mtakumbuka Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dar es Salaam, watu tukakimbilia ving'amuzi, na baadaye skrini bapa zikamaliza kazi. Vichogo vikahamia mabandani. Ndani mna kopa kwenye shingo ya kioo na waya uliozunguka skrini. Ila kioo chenyewe kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na wachinjaji wengi wakishatoa kopa wanakipasulia mtaroni. Mimi nilizipeleka yadi ya kununulia skrepa zikiwa nzima, na nikakubali bei ndogo.

Betri ya gari nayo iuze nzima. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na maji yake ni asidi ya salfa. Nimeona vijana wakiipindua kwenye mfereji wa mtaa, mfereji uleule ambao watoto wanachezea boti za makaratasi. Wa Mombasa wanaweza kukusimulia risasi ni kitu gani: pale Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa ubavuni mwa nyumba za watu, watoto wakaumwa, watu wakafa, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri yetu niliifunga kwenye mfuko wa salfeti, imesimama wima, kofia zake zimekazwa.

Kila jioni tulipokuwa tukimenya, spika ya wanunuzi wa skrepa ilipita: "Tunanunua vyuma chakavu, friji mbovu, feni mbovu, betri mbovu, masufuria mabovu..." Siku ya pili alikuwa ni yuleyule kijana wangu. Alipoona marundo yametengwa, kopa huku, alminiamu huku, akacheka. "Dada umeshakuwa tajiri wa yadi." Akatoa mzani wake wa kuning'iniza, ule wa springi na ndoano.

Nikamwambia subiri. Nikaingia ndani nikatoka na dumu la lita 10 limejaa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hilo halina mjadala. Dumu lenyewe tupu ni kama nusu kilo. Akaning'iniza. Mshale ukasimama kwenye 8.

Tukatazamana.

"Dada, huu mzani umechoka," akasema.

"Umechokea upande mmoja."

Akacheka tena, na mimi nikacheka, na mama aliyekuwa anajifanya hasikii akacheka. Tukamkaribisha chai. Ndipo akaeleza hesabu zake. Guta si lake, analilipia kila siku iwe amepata au amekosa. Hela ya kununulia anapewa asubuhi na tajiri wa yadi, kwa hiyo jioni lazima mzigo uende kwa tajiri huyohuyo, kwa bei ya tajiri huyohuyo. Mzani pia ni wa tajiri. "Kule nikifika," akasema, "na mimi napimwa na mzani uliochoka." Sikuwa na la kumjibu. Nikamwambia mzigo huu nitaupeleka mwenyewe, lakini namkodi yeye na guta lake. Tukakubaliana 10,000.

Yadi tuliyoichagua iko njia ya kwenda Vingunguti, si ile ya tajiri wake. Tulipita Tabata Dampo, na mama, aliyekuwa amekaa juu ya mzigo kama bibi harusi licha ya kukatazwa, akakumbuka miaka ambayo lilikuwa dampo la jiji kweli, moshi unaingia mpaka kwenye vyandarua, mpaka wakazi walipokwenda mahakamani mwaka 1988 na kuishinda Halmashauri ya Jiji. Dampo likaondoka, jina likabaki. Kule lilikokuwa, wakati ule, baba aliwahi kuokota stata nzima ya mota, ile sehemu inayosukwa waya. Hii mama huisimulia kila tukipita.

Yadini mzani ni wa kukanyagia, wa namba, na una stika ya Wakala wa Vipimo. Niliujaribu kwa dumu langu hivyohivyo. Kumi na nusu. Mwenye yadi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, hakuudhika. Aliniambia laiti wote wangekuja na dumu. Kabla ya kupima chochote alichukua jina na namba ya kitambulisho changu akaandika kwenye daftari, akauliza kila kitu kimetoka wapi. Biashara hii inahitaji kibali cha mazingira, na yeye kibali chake kimebandikwa ukutani. Vifuniko vya chemba hapokei, mita za maji hapokei, alama za barabarani hapokei, nyaya nene za umeme hapokei hata uje na hadithi ya machozi. Nilimuelewa. Mtaani kwetu mfuniko wa chemba uliondoka usiku mmoja, na kwa miezi mitatu tuliweka tawi la mwarobaini ndani ya shimo ili watu wasidumbukie. Aliyeuiba alipata hela ya siku mbili. Mtu fulani aliununua, akijua.

Aliniambia pia kitu ambacho hapokei kutoka kwa watoto: sufuria. Watoto wanachukua sufuria jikoni, wanaiponda kwa jiwe ionekane kuukuu, wanakuja kutafuta hela ya lambalamba. Jioni mama mtu anafika yadini na mwiko mkononi.

Sasa hesabu, maana najua wengine mmeruka mpaka hapa. Bei hizi ni za siku ile, na hubadilika. Kopa inafuata soko la London, ambako Mei 2024 tani moja ilivuka dola 11,000, na mama wa yadi anaziangalia kwenye simu kila asubuhi kama mtu anayeangalia hali ya hewa. Chuma kilo 63 kwa 700, nikapata 44,100. Alminiamu kilo 11 na nusu kwa 3,000, ikawa 34,500. Brasi kilo 1.8 kwa 8,000, yaani 14,400. Betri kilo 15 kwa 1,200, ni 18,000. Na kopa, kilo 6.2 kwa 14,000: 86,800.

Jumla, bila zile TV, 197,800. Angalieni tena. Mzigo wote ulikuwa karibu kilo 98, na kopa haikufika hata kilo 7, lakini ndiyo iliyoleta karibu nusu ya fedha. Fundi friji nilimpa 25,000, guta 10,000, nikabaki na 162,800. Sikuhesabu jioni tatu za kumenya nyaya. Ukizihesabu utagundua hii si biashara ya kukutoa kimaisha, ni hela ya ndoo.

Chuma ndicho kiliniuma. Kilo 63 zile, zikienda kwenye tanuru za viwanda vya hapahapa mjini, zinarudi zikiwa nondo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10 na kitu. Kwa hiyo niliuza kitanda cha chuma, geti dogo na makopo ya kompresa, uzito ambao haujafika nondo sita, na hela niliyopata isingeninunulia nondo mbili dukani. Ninazo ndoto za chumba cha nyuma, ndiyo maana nilipiga hesabu hiyo.

Masufuria mama aligoma kuuza, hata yale yaliyotoboka. Alminiamu ya skrepa nyingi huishia kwa mafundi wa kusubu, wanaoiyeyusha (nyuzi 660 tu, mkaa unatosha), wanaimimina kwenye mchanga, inatoka sufuria nzito za kupikia ubwabwa wa shughuli. Nazipenda sufuria zile. Lakini humo kwenye chungu cha kuyeyushia huingia pistoni, radieta na kila kilichopo, na watafiti waliopima sufuria za namna hiyo za Kameruni, kwenye utafiti uliotoka mwaka 2014, walikuta zinaweza kutoa risasi kwenye chakula. Mama hajui habari za Kameruni. Yeye alisema tu, "Hizi nimezipikia baba yako," akazirudisha chini ya kitanda. Alirudisha na mota moja, ndogo, ya mwisho kusukwa. Nilipima kwa macho. Kilo moja na nusu ya kopa, si chini. Sikusema kitu.

Tukiwa njiani kurudi, guta likiwa jepesi, nikamuuliza kijana swali lililokuwa limenikaa rohoni mwaka mzima. Friji lile la mwanzo, la kuku, alilipata shilingi ngapi?

Akaona haya kidogo. Kopa ya kompresa, akasema, alipata kama elfu kumi na mbili. Chuma kidogo. Halafu bodi.

"Bodi? Bodi si plastiki na sponji?"

"Bodi ndiyo yenye hela, dada. Nilimuuzia mama mmoja Buguruni, elfu ishirini."

Buguruni iko njiani ukitaka iwe njiani. Tulilikuta pembeni ya kituo cha daladala, limelazwa chali juu ya matofali manne, mlango unafunguka kwa juu kama sanduku. Nililitambua kwa stika za katuni nilizobandika nikiwa darasa la tatu, moja haina kichwa. Ndani limejaa barafu, soda na maji madogo. Mama akainama akagusa ubavu wake kwa kiganja, akamwamkua mwenye nalo, akamuuliza kama linatunza ubaridi.

"Barafu ya asubuhi," yule mama akasema, "inafika saa kumi."

Tukanunua maji matatu.